Mwenyekiti Hafiki Jumapili

Ninaandika haya leo Jumatatu, siku mbili tu baada ya tukio, kwa sababu swahiba wangu, ambaye simu yake ndiyo iliyoleta maafa yote, ameshawahi kulisimulia kwa namna yake. Katika masimulizi yake mimi nimepiga magoti, nimelia, kisha nimetimkia uani nikaacha kiatu kimoja mlangoni. Sikukimbia. Viatu vyangu vyote viwili ninavyo hapa chini ya kitanda. Kuhusu magoti, tutafika.

Mnaosoma ile simulizi ya ushirika wa korosho, inayotoka kila Jumapili usiku na kukatwa na "itaendelea" mahali pabaya kuliko pote, hamhitaji maelezo. Msioisoma, itoshe kujua kwamba wahusika wakuu wa humo hawana majina. Mtunzi amewaita kwa vyeo vyao tu: yuko Mwenyekiti, yuko Katibu, yuko Mweka Hazina, na yuko mpima korosho ambaye kila mtu humwita Mizani. Mwanzoni niliusifu sana ufundi huo, hata nikaandika aya tatu za pongezi. Sasa ninauona kuwa ni mtego niliotegewa mimi binafsi.

Katika kundi letu la wasomaji, ambalo mtu huingia kwa kulipa shilingi 1,000 kwa simu, kazi yetu kubwa kati ya Jumapili na Jumapili ni kuwafananisha wahusika hao na wanasiasa. Msimamizi wa kundi alipiga marufuku kumtaja yeyote aliyeko madarakani, akatukumbusha kwamba Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 haina utani, na kwamba yeye ana watoto wanaosoma. Kwa hiyo tunajichimbia kwa wastaafu na marehemu, na huko hakuna uhaba wa watu.

Mwenyekiti ndiye anayetugombanisha. Wako wanaoshikilia kwamba ni Kamuzu Banda, aliyefanywa rais wa maisha wa Malawi mwaka 1971 na bado akaja kuangushwa kwa kura mwaka 1994, yaani maisha yalikwisha kabla ya mwenyewe. Mimi tangu sehemu ya 9 nimesema, na nimetukanwa kwa kusema, kwamba yule ni Kenneth Kaunda wa Zambia: suti ileile ya mikono mifupi iliyobeba jina lake, kitambaa cheupe kisichobanduka mkononi, machozi ya karibu, na miaka 27 juu ya kiti kimoja. Kuhusu Katibu hatugombani hata kidogo, kwa kuwa kila mtu anaona kwamba ni Daniel arap Moi, aliyekuwa makamu wa rais wa Kenya tangu mwaka 1967 na akavumilia miaka 11 ya dharau za wakubwa waliomzunguka Mzee Kenyatta, mpaka kiti kilipomwangukia Agosti 1978, naye akakikalia miaka 24. Kipenzi changu ni Mizani. Huyu alijiuzulu katika sehemu ya 17 kwa ajili ya magunia yaliyoibwa na vibarua wake, ilhali yeye mwenyewe hakugusa hata kokwa moja, na mimi papo hapo nikakumbuka kwamba Mzee Ali Hassan Mwinyi aliuacha uwaziri wa Mambo ya Ndani mwaka 1977 kwa sababu ya watu waliofia mikononi mwa polisi huko Shinyanga, naye hakuwa amemgusa mtu, na miaka minane baadaye akaapishwa kuwa rais. Utabiri wangu ukawa hapo: Mwenyekiti ataondoka, Katibu atadhani zamu ni yake, na kiti kitamwendea Mizani. Nimeweka dau la soda kreti moja juu ya jambo hili, na dau bado liko palepale.

Sasa niwapeleke Tabata, nyumbani kwa Baba Mkubwa, kwenye kikao cha kamati ya harusi ya mdogo wangu.

Baba Mkubwa ni afisa ushirika mstaafu. Ndiyo, ushirika, someni tu, msinisumbue. Yeye ndiye mwenyekiti wa kamati zote za harusi za ukoo wetu tangu dada yetu mkubwa alipoolewa, na sikumbuki kama aliwahi kuchaguliwa, kwa sababu kila kamati ikikutana anakuwa ameshakaa kwenye kile kiti cha mbao chenye mito, chini ya picha ya Mwalimu, na mtu wa kumwambia asogee hajazaliwa. Huvaa suti ya Kaunda. Ana tatu, zote za rangi ya majivu. Joto la Dar es Salaam likimzidi hutoa kitambaa cheupe kilichopigwa pasi, akakikunjua kwa utaratibu, akajifuta kipara, akakikunja tena. Katibu wa kamati ni shemeji yetu, mtu wa benki, ambaye katika vikao sita hajatamka zaidi ya sentensi nne lakini ana daftari lenye kila neno lililosemwa na kila mtu. Mweka Hazina ni Shangazi. Mimi ni mjumbe wa kawaida anayeshughulikia chakula, na kwa kuwa ndiye mdogo kuliko wote waliokuwepo, ndiye niliyemimina chai.

Ikumbukwe hiyo chai.

Ijumaa usiku mpishi alikuwa amenitumia ujumbe wa sauti wa dakika nne, akieleza bei ya sahani moja moja kwa wageni 300, nikamrushia swahiba wangu, ambaye tuko naye kamati ndogo ya chakula na kundi la simulizi pia. Kisha, kwa kuwa sehemu ya 41 ilikuwa imeishia pale sumu inapotiwa kwenye birika la Mwenyekiti na nilikuwa sijalala vizuri tangu Jumapili iliyotangulia, nikamrekodia jumbe tatu za kwangu, moja baada ya nyingine, juu ya mustakabali wa uongozi wa ushirika. Anayeijua WhatsApp ameshaliona shimo nililolichimba: jumbe za sauti zikifuatana, ya kwanza ikiisha simu haikuulizi kitu, inaendelea na ya pili.

Jumamosi, saa kumi na moja jioni, Baba Mkubwa akasema kamati imsikie mpishi kwa sauti yake mwenyewe, kwa sababu hataki tena habari za "mpishi amesema". Simu yangu ilikuwa imezima chaji. Swahiba akajitolea ya kwake, akaiunganisha na spika ya blututhi ya mjukuu wa Baba Mkubwa, ile ndefu inayowaka taa za rangi, akabonyeza, na kwa kuwa mpishi huyo huongea kama mtu anayehesabu mchele punje kwa punje, akaiongeza kasi. Halafu akaiacha simu mezani, ikajifunga, naye akaenda msalani. Haya ya msalani katika masimulizi yake hayamo.

Tukasikiliza pilau. Tukasikiliza kuku, nusu kwa kila sahani au robo. Tukasikiliza ndizi, kachumbari, matunda, na onyo la mpishi kwamba maji ya chupa hayamo kwenye bei. Baba Mkubwa alikuwa akitikisa kichwa kwa kuridhika. Mpishi akaaga, akasema anatanguliza shukurani. Spika ikatoa mlio mdogo, "tik".

Nikasikia mtu akivuta pumzi ndani ya spika. Niliijua pumzi hiyo. Mtu hawezi kuikosea pumzi yake.

"Swahiba, nimewaza usiku kucha. Huyu Mwenyekiti amekaa mno!"

Kwa kasi ile niliyowatajia, sauti yangu haikuwa sauti yangu tena, ilikuwa ya mtu mwembamba mwenye haraka anayezungumza akiwa nyuma ya pazia. Watu kumi na wanne waliinua vichwa kwa pamoja. Mimi nilibaki nimeshika birika.

"Miaka yote hiyo kiti kilekile, suti ileile, kitambaa kilekile cheupe. Akibanwa kidogo tu anajifuta, anajifuta, na nyinyi mnamwonea huruma. Mwalimu aling'atuka mwaka 1985, huyu anasubiri nini?"

Wakati huo kitambaa cha Baba Mkubwa kilikuwa safarini kuelekea kwenye kipara. Kiliishia njiani. Mkono wake ulibaki hewani, juu kidogo ya sikio, kitambaa kikining'inia, na juu yake Mwalimu akitabasamu ukutani. Nikaweka birika chini nikaiendea spika. Naomba mnielewe kwamba nilikwenda kwa nia njema, na kwamba kwenye spika ile kitufe cha kuzima na kitufe cha kuongeza sauti vimekaa pamoja kama mapacha, tena maandishi yake yalikwishafutika kwa kushikwashikwa na mtoto. Nikabonyeza. Sauti ikapanda. Nikabonyeza tena kwa nguvu zaidi, ikapanda tena, mpaka nikasikia mbwa wa jirani akiitikia.

"Na Katibu msimwone kimya. Anaandika tu, anaandika. Yule ni Moi kabisa! Siku akikalia kile kiti, huyo Mwenyekiti mtamkumbuka kwa machozi."

Nilimtazama Shemeji. Kalamu yake ilikuwa imesimama kwenye "anaandika tu", kisha nikaiona, kwa macho yangu haya mawili, ikianza tena kuandika.

"Fedha zote anazo Mweka Hazina. Ziko kwenye ndoo ya unga, chini kabisa, unga uko juu."

"Ndoo gani?" akasema Shangazi, bila kumwuliza mtu yeyote. Niseme tu kwamba swali lile, jinsi lilivyotoka haraka na jinsi mkoba ulivyohama kutoka kwenye meza kwenda mapajani, halikuwa swali la mtu asiye na ndoo.

Hapo ndipo nilipoinama chini ya meza kutafuta waya wa spika ili niung'oe, nikiwa nimesahau kwamba maana nzima ya kifaa kile ni kutokuwa na waya. Goti la kwanza lilishuka kwa kazi hiyo. La pili sijui lilifikaje. Ndiyo magoti hayo mnayoyasikia, na nikiwa katika hali hiyo, uso wangu ukiwa sambamba na viatu vya Baba Mkubwa, ujumbe wa tatu ukaingia. Huu niliurekodi saa sita usiku, kwa hisia.

"Mimi ninakuambia, swahiba, Mwenyekiti hafiki Jumapili. Sumu imeshatiwa kwenye chai. Ninachoomba ni asiwasumbue watu, ainywe yote, aende, Mizani aingie, tupumzike."

Mkono mwingine wa Baba Mkubwa, usiokuwa na kitambaa, ulikuwa umeshika kikombe. Ilikuwa chai ya tangawizi, niliyoimimina mimi, nikamkabidhi mimi kwa mikono miwili kama nilivyofundishwa, na nikamwambia, mbele ya mashahidi, "Baba Mkubwa, ninywee ikiwa ya moto." Alikuwa ameshakunywa nusu. Alikitazama kikombe. Akanitazama mimi chini ya meza. Akakirudisha kwenye kisosi polepole sana, akakizungusha mpaka mkono wa kikombe ukaelekea upande wangu, akakisukuma kwa kidole kimoja. Kila aliyekuwa na kikombe mle ndani akakiweka chini, na kwa muda ule hakukusikika kitu ila visosi vikilia kimoja baada ya kingine kuanzia mezani mpaka kwenye mkeka wa mlangoni.

Swahiba akarudi kutoka msalani akipangusa mikono, akauliza, "Vipi, mpishi tumempitisha?"

Hapo sasa nikatakiwa kueleza. Jaribuni ninyi wenyewe, mkiwa mmepiga magoti, kuwaeleza wazee wa ukoo kwamba kuna mtu msiyemjua anayeandika hadithi kwa vipande, kwamba mnamlipa, kwamba humo kuna mwenyekiti mwenye suti ya Kaunda na kitambaa cheupe anayeongoza chama cha ushirika lakini si huyu aliyekaa hapa, na kwamba watu wazima wenye familia hukesha wakibishana iwapo ni Kaunda au Banda. Nilikuwa nikijisikia jinsi ninavyozidi kuzama kwa kila neno la ukweli.

"Ni hadithi?" akauliza Baba Mkubwa.

"Ndiyo, Baba Mkubwa."

"Na mimi simo."

"Haumo kabisa, Baba Mkubwa."

"Na ndoo je?" akauliza Shangazi.

Hapa niwaambie ninyi jambo ambalo pale sikulisema, na ambalo swahiba halijui, ndiyo maana halimo katika masimulizi yake. Mtunzi hakuandika popote kwamba Mwenyekiti ana kipara. Nimerudia sehemu zote jana kuhakikisha. Kipara nilimpa mimi, na kile kikohozi cha kufungulia kikao, na ile tabia ya kugonga meza kwa kifundo cha kidole kimoja. Tangu sehemu ya 9 nimekuwa nikimsoma Baba Mkubwa usiku na kumwita Kaunda, kwa sababu ni rahisi zaidi kubishana kuhusu Lusaka kuliko kuhusu Tabata. Hilo ndilo lililonichoma nikiwa pale chini, wala si kelele za spika.

Baba Mkubwa akajifuta kipara hatimaye. Akakunja kitambaa. Akakohoa.

"Mwaka 1976," akasema, "mwaka uleule serikali ilipovivunja vyama vya ushirika, nami nikiwa kijana mpya kazini, huko Kenya walitokea wakubwa waliotaka katiba ibadilishwe ili Moi asije akakirithi kiti. Mwanasheria Mkuu wao, Charles Njonjo, akawaonya kwamba hata kuwaza tu kifo cha rais ni kosa la jinai." Akanyamaza kidogo. "Wao waliwaza tu, mwanangu. Wewe umewaza ukiwa umeshika birika."

Shangazi wa pili, yule wa Kimara, ndiye aliyeanza kucheka, na alipoanza hapakuwa na wa kumzuia mwingine. Mimi nilicheka mwisho, na kidogo, kama inavyompasa mshtakiwa.

Mengine yalikwenda upesi. Mpishi alipitishwa bila mjadala, kwani hakuna aliyekumbuka bei. Ahadi yangu ya mchango, iliyokuwa shilingi 100,000, ikasomwa na Katibu kuwa shilingi 250,000, na Mwenyekiti akauliza kama kuna pingamizi, nami nilikuwa ninasimama kutoka magotini kwa hiyo nikachukuliwa kuwa nimeunga mkono. Muhtasari umeshatumwa kwenye kundi la familia, na kipengele cha 4.2 kinasema hivi kwa mwandiko safi: "Katibu amelinganishwa na Mheshimiwa Moi. Imepokelewa." Mke wangu kwa sasa anajimiminia chai mwenyewe. Mnaonitumia picha za Kaunda akiwa na kitambaa, nimezipokea kumi na moja, zinatosha.

Jambo nisilolitarajia lilikuja jana. Baba Mkubwa alimpigia swahiba, si mimi, akaomba arushiwe simulizi yote kuanzia sehemu ya 1. Leo alfajiri, kabla ya adhana, nimeamshwa na ujumbe wake wa sauti wa dakika sita, akiwa amefika sehemu ya 12. Anasema nimemwonea Kaunda. Kaunda, anasema, Oktoba 1991 aliruhusu kura zihesabiwe, akashindwa na Chiluba, akakabidhi nchi ndani ya siku chache na kwenda zake, ilhali huyu Mwenyekiti wetu hata daftari la wanachama amelificha. Kwa hiyo nirekebishe, tena kwa maandishi, mbele ya kundi zima. Kuhusu Banda anasema tunakaribia lakini bado hatujafika. Ana mtu wake anayemfikiria, aliyewahi kufanya naye kazi, ambaye hatamtaja. Mwishoni akashusha sauti, akaniuliza kama ile chai Mwenyekiti aliinywa.

Shangazi naye ameomba arushiwe, ila yeye anataka sehemu moja tu, ile ambayo ndoo inapatikana. Anasema hana haja na hadithi nzima, anataka tu kujua waliokuwa wakitafuta walianzia wapi.